"Tulia, weka akili!" Sawa, ila niiweke wapi?

Kuna jamaa aliwahi kunifundisha kurusha vishale, vile vya ubaoni, na kila nikikosa alikuwa na neno lilelile: kiwiko. Kiwiko kimeshuka, kiwiko kimetoka nje, kaza kifundo, achia vidole kwa pamoja. Nikarusha jioni nzima nawaza kiwiko, na kadiri nilivyozidi kukiwaza ndo vishale vilizidi kwenda ukutani. Baadaye simu yake ikaita akatoka nje kuipokea, mimi nikabaki narusha tu huku nacheki ule mduara mwekundu wa katikati, na kwa mara ya kwanza usiku ule vitatu mfululizo vikakaa karibu karibu. Akarudi, akaangalia ubao, akasema "umeona sasa, kiwiko kimekaa." Mimi wala sikuwa najua kiwiko kipo wapi.

Nikajua ni bahati tu. Kumbe kuna watu wamekaa na hili jambo maabara zaidi ya miaka 25, wamewavalisha walenga shabaha kofia za nyaya, wamebandika watu elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa mwili, kwenye misuli, wamewalaza kwenye mashine za MRI, na swali lao ni jepesi kulisikia: ukitaka kugonga kitu, akili yako iwe wapi? Manake kila kochi anapiga kelele umakini, umakini, lakini umakini ni kama tochi, ukimwambia mtu washa bila kumwambia amulike wapi hujamsaidia chochote.

Tunyooshe maneno kwanza, hapa ndo wengi wanapotea. Wataalamu wa mwendo wanaposema umakini wa ndani hawamaanishi hisia wala kutafakari maisha, wanamaanisha akili kukaa kwenye mwili wenyewe unavyojongea: kiwiko, kifundo, bega, kidole kinachovuta triga. Umakini wa nje ni akili kukaa kwenye kile ambacho mwendo unakwenda kukifanya, yaani kishale, mpira, ringi, katikati ya shabaha. Kuwaza watazamaji au madeni sio umakini wa nje, hiyo ni akili imezurura tu. Na kingine kinachochanganya zaidi, macho na akili ni vitu viwili, unaweza ukawa umekodoa macho kwenye shabaha kabisa alafu akili yote ipo begani. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona nilikuwa naangalia palepale", sawa, aliangalia, ila hakuwepo pale.

Aliyelifanya hili kuwa somo ni Gabriele Wulf, Mjerumani ambaye baadaye alikwenda kufundisha chuo kikuu huko Las Vegas, Marekani. Alikuwa anajifunza kuteleza majini kwa ubao wenye tanga, anahangaika kugeuza ubao, anawaza miguu ikae wapi, mikono ishike wapi, anaanguka tu. Siku moja akaamua kuachana na miguu akawaza ubao wenyewe, unavyoinama, na mambo yakaanza kwenda. Wengi wetu tungefurahi tukaishia hapo, yeye akaenda kupima. Mwaka 1998 na wenzake wakatoa jaribio la kifaa cha kujifunzia kuteleza kwenye theluji, jukwaa dogo lenye magurudumu linalokwenda kulia na kushoto juu ya reli zilizopinda. Kundi moja likaambiwa sukuma kwa mguu wa nje. Kundi la pili likaambiwa sukuma kwa magurudumu ya upande wa nje. Sasa angalia, magurudumu yapo chini ya miguu palepale, tofauti ni sentimeta kadhaa na neno moja tu kwenye maelekezo! Wa magurudumu wakajifunza vizuri zaidi, na wale wa miguu hawakuwazidi hata watu ambao hawakuambiwa chochote. Hilo la mwisho ndo huwa linanikaa kichwani, kwamba mtu alipewa maelekezo, akayafuata, na hayakumfaidia kitu.

Hata kabla ya maabara zote hizi kuna mzee wa saikolojia wa Marekani, William James, ambaye mwaka 1890 alishaandika kwamba weka jicho pale unapolenga na mkono utafika, ukianza kuuwaza mkono yaelekea utakosa. Yeye hakupima, alisema tu kama mtu aliyekwisharusha mawe ya kutosha.

Unaweza kujaribu hapohapo ulipo. Kunja karatasi kumi ziwe vidonge, weka kikapu hatua nne au tano kutoka kwako, tano za kwanza rusha huku unawaza kifundo cha mkono kinavyokunjuka na vidole vinavyoachia, tano za pili usiwaze mkono kabisa, chagua alama moja kwenye ukingo wa kikapu, ule wa nyuma, alafu rusha. Tano ni chache, usije ukasema umethibitisha sayansi, lakini wakati unarusha zile za kwanza sikiliza mkono wako. Wengi wataona unakuwa mgumu kidogo, kama mkono wa mtu anayepigwa picha ya paspoti.

Huo ugumu umepimwa. Mwaka 2005 Zachry, Wulf na wenzao waliwapa watu mipira ya kikapu wapige mitupo huru, ile ya kusimama kwenye mstari mita 4.6 hivi kutoka ubao wa ringi, elektrodi zimebandikwa mkononi. Wakiwaza kifundo kinavyokunja walikosa zaidi, wakiwaza katikati ya ukingo wa nyuma wa ringi walipata zaidi, na umeme kwenye baisepsi na traisepsi, misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono wa juu, ukawa mdogo zaidi walipowaza ringi. Yaani mpira uleule, umbali uleule, mtu yuleyule, lakini misuli inatumia nguvu kidogo na shabaha inakuwa nzuri. Mwaka 2010 Lohse, Sherwood na Healy wakarudia kitu kama hicho kwa vishale, wakakuta traisepsi imetulia na vishale vimekaa karibu zaidi na katikati.

Kwanini misuli kukaza kidogo tu iharibu? Sababu ya kwanza ni kelele. Amri ya ubongo kwenda kwenye msuli haifiki safi, inabeba mtikisiko, na mtikisiko huo unakua kadiri nguvu inavyokua. Harris na Wolpert walilieleza hili vizuri mwaka 1998. Kwa hiyo ukikaza misuli miwili inayovutana, wa mbele na wa nyuma ya mkono kwa pamoja, ambacho ndicho mtu hufanya akianza kujisimamia, umeongeza kelele kwenye mwendo ambao haukuhitaji nguvu hiyo kabisa. Sababu ya pili ni muda. Mkono ukishaanza kwenda mbele, kishale kinaondoka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, wakati mtu wa kawaida anahitaji kama sekunde 0.2 ili tu aone kitu na kuanza kuitikia. Fikra ya "aah kiwiko kinashuka" ikifika, kishale kipo angani. Marekebisho ya kweli yanafanywa na njia za haraka, kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo mdogo ule wa nyuma kichwani, ambazo haziombi ruhusa kwako. Wulf na wenzake waliipa hii jina mwaka 2001, wakasema umakini wa ndani unaubana mwendo, unaingiza mkono wa fahamu kwenye kazi ambayo ilikuwa inajiendesha yenyewe. Wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa ni manahodha wawili tu, ila mmoja ni mzito wa kuamua alafu ana kimbelembele.

Kwenye lile jaribio la vishale la 2010 kuna kitu ambacho watu wanakiruka na mimi nakiona ndo kitamu kuliko vyote. Waliowaza nje walilenga vizuri zaidi, lakini mwendo wa bega lao ulikuwa unabadilikabadilika zaidi kutoka mtupo mmoja hadi mwingine. Ungetegemea kinyume, si ndio? Mlengaji mzuri awe kama mashine, kila mtupo fotokopi ya uliopita. Hapana. Mrusi mmoja, Nikolai Bernstein, aliliona hili miaka ya 1920 kule Moscow akipiga picha mafundi wanaogonga patasi kwa nyundo: njia ya bega na kiwiko ilikuwa tofauti kidogo kila pigo, lakini kichwa cha nyundo kilikuwa kinatua palepale. Viungo vilikuwa vinafidiana, bega likizidi hapa kiwiko kinapunguza pale. Sasa ukimwambia fundi huyo "kiwiko kisitikisike" umemnyang'anya fidia yake. Kiwiko kitatulia kweli, na nyundo itaanza kukosa.

Haya, kichwani sasa. Umeme wa ubongo wa binadamu alianza kuunasa daktari Mjerumani Hans Berger mwaka 1924 na akatangaza 1929, na wimbi la kwanza alilolitambua ndo hilo hadi leo linatawala utafiti wa shabaha, alfa, linalopanda na kushuka kama mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Zamani alfa ilichukuliwa ni dalili ya sehemu ya ubongo iliyolala. Siku hizi wengi wanaiona zaidi kama breki: pale alfa inapopanda, eneo hilo limezibwa kwa makusudi ili lisiingilie wengine. Shika hilo la breki.

Mwaka 1984 Hatfield, Landers na Ray waliwavalisha elektrodi walenga bunduki wa kiwango cha juu wakati wanalenga. Shabaha ni mchezo mzuri sana kwa EEG, huko kupima umeme wa ubongo, manake mtu hatikisiki, mpira wa miguu usingewezekana. Fikiria bunduki ya upepo, mita 10, ile nukta ya pointi kumi ina kipenyo cha nusu milimita, ndogo kuliko kichwa cha pini. Mtu anainua silaha, anashusha pumzi, anaishikilia nusu njia, na sekunde zile za mwisho kabla ya triga alfa inapanda upande wa kushoto, juu ya sikio hivi, huku kulia hakubadiliki hivyo. Upande ule wa kushoto kwa watu wengi ndo kwenye mambo ya lugha, ndo anakaa yule msemaji wa ndani anayekusimulia maisha yako. Kwa hiyo tafsiri iliyokuja ni kwamba mlengaji bingwa kabla ya kufyatua anamfunga mdomo msemaji.

Unaweza kusema labda mabingwa ni watu wapole tu kwa asili. Haufler na wenzake wakaliangalia hilo mwaka 2000, wakachukua walenga shabaha wazoefu na wasiojua, wakawapa kulenga na pia wakawapa maswali ya maneno na ya maumbo. Kwenye kulenga, wazoefu walikuwa na utulivu zaidi kushoto. Kwenye maswali, hamna tofauti ya maana. Kwa hiyo utulivu ni wa kazi ile, ni mazoezi yaliyouleta. Na baadae, 2004, Kerick na wenzake wakawafuatilia watu wapya wanaojifunza bastola kwa wiki 12 hadi 14 na kuona alfa ile ya kushoto inapanda kadiri mazoezi yanavyokwenda.

Alafu kuna lile la wapiga upinde, 1991, la Landers na wenzake, ambalo nalipenda kwa sababu lilijaribu kuugeuza ubongo wenyewe badala ya kuuangalia tu. Wapiga upinde wanaoinukia waliwekewa mafunzo ya kuona umeme wa ubongo wao kwenye skrini na kuubadilisha. Kundi moja wakafundishwa kutuliza kushoto, wakapiga vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kundi jingine wakafundishwa kutuliza kulia, wakaharibu. Kama utulivu wowote ungekuwa mzuri basi wote wangefaidika. Kulia kunashughulika na nafasi, umbali, wapi ni wapi, na hicho mpiga upinde anakihitaji kipo macho.

Kiungo kati ya umakini na ile picha ya EEG kinakuja ukiangalia mawasiliano. Ile sehemu ya lugha kushoto na ile ya kupanga mwendo katikati mbele ya utosi zinaweza kuwa zinapiga mdundo mmoja, au kila moja kivyake. Deeny na wenzake mwaka 2003 waliona kwa walenga shabaha wazoefu mdundo wa pamoja ni mdogo, yaani msemaji na mpangaji hawapigiani simu sana. Mwaka 2011 Zhu na wenzake wakaangalia watu wanaosukumia mpira wa gofu shimoni, wale ambao kwa tabia yao wanapenda kujichunguza mwendo, wanaojiuliza nimekaaje nimepindaje, simu ilikuwa inapigwa zaidi. Hapo ndo kiwiko cha yule jamaa wangu kilipo, kwenye ile simu.

Mpaka hapa hadithi ni safi mno, ubongo kimya, shabaha nzuri. Ndivyo zilivyo video nyingi mtandaoni, "zima ubongo wako ucheze kama bingwa". Ni uongo nusu.

Babiloni na wenzake 2008 waliwaangalia wachezaji gofu wazuri, na mipira iliyoingia ilitanguliwa na alfa ndogo, sio kubwa, juu ya eneo linaloendesha mkono. Breki imeachiwa, eneo linafanya kazi zaidi. Mwaka mmoja baadae Zentgraf na wenzake wakaweka watu kwenye MRI wabonyeze vitufe kwa mpangilio, mara wawaze vidole, mara wawaze vitufe. Walipowaza vitufe, yaani nje, maeneo ya mwendo na ya mguso yaliwaka zaidi kuliko walipowaza vidole vyenyewe. Kwa hiyo umakini wa nje hauzimi ubongo, unahamisha kazi. Msemaji anafungwa mdomo, na fundi anapewa chumba chake.

Na ndani ya chumba hicho cha fundi kuna usafi unaofanyika. Kuhn, Keller, Ruffieux na Taube mwaka 2017 walitumia sumaku ya nje ya fuvu inayogusa eneo la mwendo kwa mpigo mfupi, wakakuta mtu akiwaza nje, vizuizi vya ndani ya eneo hilo vinaongezeka. Vizuizi hapa ni vizuri. Ukitaka kidole kimoja kivute triga, ubongo inabidi uvizuie vya jirani visivute pamoja nacho. Jaribu kukunja kidole cha pete peke yake utaona kazi yake. Vizuizi vikilegea, kiganja kizima kinakaza na mdomo wa bastola unahama, sio sana, na sio sana hiyo kwenye mita 10 ndo tofauti ya pointi.

Kuna wimbi jingine, theta, la katikati mbele, ambalo watu wanalihusisha na juhudi ya kujisimamia, na hapo data ni vurugu kidogo. Kwa walenga bunduki wazoefu, Doppelmayr na wenzake 2008 waliona theta inapanda kuelekea kufyatua. Kwa wachezaji gofu, Kao na wenzake 2013 waliona mipira bora ilitanguliwa na theta ndogo. Mimi nadhani kazi zenyewe hazifanani: mlenga bunduki anashikilia kitu kisitikisike sekunde kadhaa, lazima akae macho muda wote, mchezaji gofu anaachia pigo moja. Ila hiyo ni dhana yangu, usiende nayo kwenye mtihani.

Macho nayo yana hadithi yake, nitapita haraka. Joan Vickers wa Kanada mwaka 1996 alionesha wapigaji wazuri wa mitupo huru wanatuliza jicho mapema na kwa muda mrefu zaidi kwenye sehemu moja ya ringi kabla mkono haujaanza kwenda, wakati wa kawaida macho yanarukaruka. Na moyo wa mlengaji mzoefu una kawaida ya kupunguza mwendo kidogo katika sekunde za mwisho. Vyote viwili vinaonekana mtu akiwa amejielekeza nje, anasubiri kitu kule, badala ya kujikagua huku.

Sasa presha. Olimpiki ya Athens 2004, fainali ya bunduki mita 50 mikao mitatu, Mmarekani Matthew Emmons anaongoza, imebaki risasi moja na hakuhitaji hata risasi nzuri sana. Akafyatua, ikapiga vizuri tu, kwenye shabaha ya jirani. Sifuri, akashuka mpaka nafasi ya nane. Baadae alieleza kwamba kawaida huangalia kwanza namba ya shabaha ndo anashuka kwenye nukta, na safari ile alikuwa anahangaika kujituliza na kutoa risasi nzuri, hakuangalia namba. Umeona tochi ilikuwa inamulika wapi. Mwili haukumwangusha, mkono ulifanya kazi yake kwa ustadi uleule, ila akili ilikuwa imegeuka kumwangalia yeye mwenyewe, na dunia ya nje ikapotea namba moja tu. Hivi ndivyo presha inavyofanya kazi mara nyingi, inakufanya uwe mlinzi wa mwili wako. Richard Masters mwaka 1992 aliona waliojifunza kusukuma mpira wa gofu kwa kanuni nyingi za maneno ndo walioharibikiwa presha ilipokuja, waliojifunza bila maneno walistahimili. Hawakuwa na maneno ya kurudia kichwani.

Basi tusimwambie mwanafunzi chochote kuhusu mwili? Hapo pana mvutano wa kweli. Mwaka 2002 Beilock na wenzake waliwapa watu kazi ya kukokota mpira wa miguu kwa kuzunguka koni, mara wakifuatilia mguu wao unavyogusa mpira, mara akili ikiwa imeshughulishwa na kitu kingine. Wageni walifanya vizuri zaidi wakifuatilia mguu. Wazoefu waliharibu wakifuatilia mguu wao wa kulia, lakini hao hao wazoefu wakitumia mguu wa kushoto, ule dhaifu, walifanya vizuri zaidi wakiufuatilia. Mtu mmoja, siku moja, mguu huu unataka kuachwa na huu unataka kuangaliwa. Upande wa Wulf wanajibu kwamba hata mgeni anajifunza haraka zaidi akiwaza nje, na majaribio mengi yanawaunga mkono, na hili halijaisha. Mimi nimekaa hapa katikati: siku ya kwanza mtu anahitaji kujua ashike wapi na asimame vipi, ila hayo yasemwe kabla ya kulenga, mkono ukiwa chini.

Na nisikufiche lingine. Mwaka 2021 Wulf na wenzake walikusanya majaribio mengi wakahitimisha kwamba nje inashinda ndani karibu kila mahali, bila kujali umri wala uzoefu. Mwaka 2024 kundi la McKay likapitia fungu hilohilo la utafiti na kusema ngoja, majaribio mengi ni ya watu wachache, na yale yasiyoonesha tofauti inaonekana hayafiki kuchapishwa, ukirekebisha upendeleo huo faida inapungua sana, pengine inabaki ndogo au haipo. Wote wawili wamechapa kwenye jarida moja kubwa la saikolojia. Kwa hiyo mtu akikuuzia kozi ya "siri moja ya kulenga" weka pesa zako mfukoni. Ninachokiona bado kimesimama ni vipimo vya ndani, misuli kutulia, kushoto kunyamaza, vizuizi kuongezeka, hivi vinakwenda upande mmoja ingawa navyo vina watu wachache.

Wakati huohuo makochi wengi wanaendelea na kiwiko. Porter na wenzake 2010 waliwauliza wanariadha kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, asilimia 84.6 wakasema makocha wao hutumia maelekezo ya mwili. Walioulizwa walikuwa 13 tu, ni kichungulio, lakini nani hapa hajawahi kuambiwa nyoosha mkono, kunja goti?

Kubadilisha maneno hakuhitaji mashine. Badala ya "usishushe kiwiko" unasema "kishale kielekee juu kidogo ya katikati". Badala ya "vuta triga taratibu kwa kidole" unasema "weka ile alama ya mbele palepale mpaka mlio ukushtue". Na kuna suala la umbali, McNevin, Shea na Wulf mwaka 2003 waliona kwenye ubao wa kujisawazisha kwamba alama zilizo mbali zaidi na miguu zilisaidia zaidi kuliko zilizo karibu, kama vile akili ikichukua kitu cha mbali inaacha kabisa kunusanusa mwilini. Kwa mzoefu shabaha yenyewe inatosha, kwa mgeni labda kitu cha katikati, njia ya kishale hewani, manake shabaha peke yake haimwambii mkono ufanye nini.

Beilock na Carr walikuwa na jaribio moja mwaka 2001, waliwauliza wachezaji gofu waeleze pigo walilolipiga muda uleule. Wazoefu walikumbuka machache kuliko wageni. Wanaweza kukuhutubia saa nzima kuhusu gofu kwa ujumla, ila lile pigo la sasa hivi hawana. Nikalikumbuka siku moja nikiwa na yule jamaa wangu wa kiwiko, bado anarusha na bado ananishinda, kapiga kishale katikati kabisa na mimi nikamuuliza hapohapo, ulikuwa unawaza nini unaachia? Akanyamaza, akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. "Sijui," akasema, "niliangalia tu pale." Alafu kishale kilichofuata, baada ya mimi kumuuliza, akakipiga ukutani.